Kijana wa Baiskeli na Makopo ya Nguvu

Mzazi mmoja wa Mwanza, ambaye mwanawe hushindana mbio za baiskeli, ametuuliza kama ni halali, na kama kuna faida, kumnunulia kijana huyo makopo ya unga na vidonge ambavyo wauzaji wavisifu kuwa vyaongeza pumzi na kumwezesha mtu kupanda milima asichoke. Bei ya kopo moja, asema, yapita matumizi ya jikoni kwake kwa juma zima. Swali hili si la mtu mmoja. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, ng'ambo ya Kagera, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika bara hili la Afrika, na vijana wa upande wetu waliyatazama kwa hamu. Basi twajibu, na msomaji atuvumilie tukianza mbali kidogo.

Uso wa Ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari. Kwa hiyo mtu wa Mwanza, hata akiwa amekaa ufukoni pale Kamanga akingoja kivuko, tayari yuko mlimani kwa kumlinganisha na mtu wa Tanga au Unguja. Hewa aivutayo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu 13 katika 100. Kigali iko juu zaidi, kama mita 1,500. Siku ya tarehe 28 Septemba wanaume walikwenda huko kilomita 267.5, na vilima walivyopanda, ukivijumlisha kimoja kimoja, vyazidi mita 5,400, kimo kisichopungua sana na cha Kilimanjaro. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliofika mwisho ni 30 tu, na wengine wote, mabingwa wa nchi zao, waliachia njiani.

Mwili ukikaa mahali penye hewa nyepesi, figo hupeleka amri kwenye uboho wa mifupa, nao uboho hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, kwani hizo ndizo zichukuazo hewa safi. Chembe hizo hazitengenezwi bila madini ya chuma. Hapa ndipo wauzaji wa makopo walipopata mlango wao: husema, maadamu mlima wataka damu, na damu yataka chuma, basi nunua chuma. Maneno hayo nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi.

Kijana wa kando ya Ziwa akipungukiwa na damu, mara nyingi kuna mwizi aliyemwibia, na mwizi huyo hafukuzwi kwa kopo. Wa kwanza ni malaria, ambayo huvunja chembe za damu. Wa pili ni safura, minyoo ing'ang'aniayo utumbo na kunyonya. Wa tatu ni kichocho cha tumbo, na huyu ni mwenyeji wetu hasa, kuanzia Ukerewe na Kome mpaka fuko zote ambako watoto huoga, wake hufua na wavuvi hukokota nyavu. Mtu aweza kukaa nacho miaka asijue, akadhani ni uvivu. Baba humwona mwanawe akihema kwenye kilima kidogo, akasema hana nguvu, akakimbilia dukani. Kumbe dawa ya kichocho, prazikwanteli, imo katika vituo vya afya, na bei yake haifanani kabisa na ya lile kopo.

Tena chuma si kitu cha kuchezea. Pemba, mwanzoni mwa karne hii, watoto wa chini ya miaka mitatu zaidi ya 24,000 waliingizwa katika uchunguzi mkubwa, wengine wakipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, wengine wasipewe. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Habari zake zilipochapishwa mwaka 2006 ilionekana kuwa waliopewa chuma walifikwa na maradhi makali ya kulazwa hospitali, au mauti, zaidi ya wenzao kwa kadiri ya 12 katika 100. Walakini katika kundi dogo lililopimwa damu, wale waliokuwa wamepungukiwa na chuma walifaidika nacho. Hao walikuwa watoto wachanga katika nchi ya malaria, wala hatusemi kuwa kijana wa miaka ishirini ni kama wao. Lakini yafaa kujua kwamba kitu kile kile kilimfaa aliyekihitaji na kikamdhuru asiyekihitaji, na hakuna aliyeweza kuwatenga kwa macho. Kwa mtu mzima pia, chuma kilichozidi hakina njia nyepesi ya kutoka mwilini, hulimbikizana katika ini.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzazi huyu ni kwamba fedha ya kwanza itumike kupima: wingi wa damu, akiba ya chuma, choo na malaria. Na kama katika ukoo kuna selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa waujua sana, daktari aambiwe kabla kijana hajajitia katika mbio za milima. Wenye shida hiyo wana kliniki yao Bugando.

Chakula twakipita upesi, kwa kuwa kina mama wakijua kuliko sisi. Dagaa, maini, maharage na mchicha vina chuma. Illa kuna desturi moja twaiona karibu kila nyumba, nayo ni kunywa chai ya rangi pamoja na chakula. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Na ingojewe saa nzima, na mahali pake pawe na ndimu au chungwa, ambavyo husaidia. Safarini kijana achukue ndizi, au matobolwa ya bibi yake, kwani apandaye baiskeli zaidi ya saa moja huishiwa na wanga kabla ya kitu kingine chochote. Kahawa nayo, ambayo Wahaya huitafuna tangu kale, ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo wataalamu wa michezo wamethibitisha kuwa humsaidia mtu wa mbio ndefu. Ilikuwa imewekewa mpaka katika mashindano hata mwaka 2004, ndipo ikaruhusiwa.

Ama unga wa makopo, maabara moja ya Cologne, Ujerumani, ilikusanya bidhaa 634 za namna hiyo kutoka nchi 13 miaka ya 2000 na 2001. Katika 94 mlikuwa na viasili vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye kopo. Mwanamichezo akipatikana navyo mwilini hufungiwa, na kusema hakujua hakumwokoi. Wako pia wajidungao sindano ya EPO, ile amri ya figo iliyotengenezwa kiwandani. Hiyo huifanya damu nzito hata kuhatarisha moyo, tena ni ghishi, na hukumu ya ghishi haina haja ya kuulizwa. Lance Armstrong wa Marekani alinyang'anywa ushindi wake saba wa Ufaransa mwaka 2012 kwa mambo ya namna hiyo.

Kuhusu uhalali wa vidonge vyenyewe, maganda yake laini aghalabu ni jelatini, ya ng'ombe au ya nguruwe. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama kitu kilichogeuzwa umbile huacha hukumu yake ya asili. Sisi twaona kuacha ni salama zaidi maadamu kuna vidonge vya kawaida visivyo na ganda.

Na ikiwa daktari amepima akamwandikia kijana vidonge vya chuma, avimeze kwa muda aliopangiwa, kisha apimwe tena. Viwekwe juu, penye kufuli. Vingi vyake ni vyekundu na vitamu kwa nje kama peremende, na vichache tu vyaweza kumwua mtoto mdogo.