Picha ikishapitia WhatsApp, printa haina la kufanya

Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri habari ya wino wa printa, ila huku kwetu Sugoi shida huanza kabla printa haijawashwa. Mtu analeta picha za koito, sherehe ya posa ya Wakalenjin, zilizozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, anataka zitoke A4 za kutundika sebuleni. WhatsApp huibana picha, na ikishabanwa hairudi ilivyokuwa. Inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. A4 inataka karibu 2,500 kwa 3,500. Mwombe aliyepiga aitume kama faili, au akuwekee kwenye flashi.

Halafu kuna nyuso zetu. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, ndiyo maana mama aliyependeza kwenye simu anatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Ongeza mwanga kidogo usoni, chapa kipande kidogo cha majaribio, ukitazame nje mchana. Karatasi ya kung'aa nayo lazima uichague kwenye mipangilio ya printa, la sivyo wino utakupakaa vidoleni. Na picha msizitie kwenye fremu siku hiyo hiyo, hasa wakati wa mvua. Ziacheni zikauke hadi kesho yake.