Mawakili Waliruhusiwa Kutembea Usiku. Walikwenda Wapi?

Tarehe 16 Aprili 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ambayo Chama cha Mawakili wa Kenya (LSK) kiliiwasilisha dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Kafyu ya kuzuia kuenea kwa korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, na siku hiyo hiyo ya kwanza polisi waliwacharaza abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni. Siku tatu baadaye Yasin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Jaji Weldon Korir alisema kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa kuitekeleza zilivunja Katiba. Akaongeza jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya: kuwaacha wanachama wa LSK, pamoja na IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, nje ya orodha ya watoaji huduma muhimu walioruhusiwa kutoka usiku kulikuwa kinyume cha Katiba.

Wakili akawekwa safu moja na daktari na muuguzi. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ibara ya 49 ya Katiba yetu inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, na inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Haki hiyo hailali saa moja jioni na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Askari anaweza kumkamata mtu usiku, kumpiga usiku na kumwandikisha taarifa usiku. Wakili akibaki kitandani kwa amri ya serikali, saa zile zinazohitaji shahidi kuliko zote hazitakuwa na shahidi.

Ugomvi wangu ni na kile kilichofuata. Kibali kilitafutwa kwa jina la mkamatwa, kikapatikana kwa jina la mkamatwa, kisha kikatiwa mfukoni na wakili mmoja mmoja kama kadi ya uanachama wa klabu. Daktari aliporuhusiwa kutoka usiku, kulikuwa na hospitali inayomngoja, yenye zamu, orodha ya waliomo kazini na lango ambalo mgonjwa analijua. Wakili aliporuhusiwa kutoka usiku, alikuwa anakwenda wapi? Zamu yake ilipangwa na nani? Aliyekamatwa Kayole au Kisauni saa tatu usiku angempigia nani?

Mwezi Mei mwaka huo mwanafunzi wangu mmoja alikamatwa dakika ishirini baada ya kafyu kuanza, akitoka kibaruani. Matatu aliyokuwa akiisubiri haikuja, kwa sababu magari yalikuwa yakibeba abiria nusu na yakijaa mapema. Alinipigia kwa simu ya kuazima kutoka kituo cha polisi viungani mwa Nairobi. Katika seli walikuwa wamebanana watu ambao mchana walikuwa wameamriwa kukaa mita moja na nusu mmoja kutoka kwa mwingine. Niliwapigia mawakili wanne, watatu kati yao watu tuliosoma pamoja. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alisema hana barua ya kumruhusu kupita kwenye vizuizi, ingawa mahakama ilikuwa imeshasema. Wa tatu alitaka atumiwe pesa kwa M-Pesa kwanza. Wa nne, mama mmoja mwenye moyo, alisema angefika asubuhi. Saa tano usiku mama yake kijana akatuma fedha kwa nambari aliyopewa, na kijana akaachiliwa bila stakabadhi na bila kuandikwa popote. Ikumbukwe kwamba wakati huo kulikuwa na tishio jingine: waliovunja kafyu waliweza kupelekwa karantini kwa siku 14, tena wajilipie wenyewe. Karantini, ambayo ni tiba, ilikuwa imegeuzwa kifungo kisicho na hakimu. Mama yule alijua hesabu yake vizuri kuliko Baraza la LSK.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mawakili wenyewe walikuwa wanaumia, na ni kweli. Jaji Mkuu David Maraga alipotangaza katikati ya Machi 2020 kwamba shughuli za mahakama zinapunguzwa kote nchini, wakili chipukizi ambaye riziki yake ni kushikilia faili za wenzake kortini, leo Milimani kesho Kibera, alikatiwa chakula chake kwa siku moja. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi kwa mtu huyo. Kodi ya ofisi haikungoja. Chama kilichoacha watu wake wafe njaa kingekuwa chama cha ajabu, na sitaki kusikika nikisema kwamba ilikuwa aibu kuwashughulikia wanachama.

Tena waliishughulikia vyema, kwa kiasi fulani. Mafunzo endelevu ya kitaaluma, ambayo wakili hawezi kuhuisha cheti chake cha kila mwaka bila kuyahudhuria, yalihamia mtandaoni. Kesi zikasikizwa kwa video, hukumu zikatumwa kwa barua pepe. Tarehe 1 Julai 2020 Mahakama ikazindua mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki jijini Nairobi, na mawakili wakajifunza, wengine kwa manung'uniko, kugeuza makaratasi kuwa faili za kompyuta na kulipa ada kwa simu. Tuliwaona mawakili wakimhutubia jaji wakiwa ndani ya gari, tai shingoni na mkanda wa usalama juu ya tai. Wakili wa Lodwar hakulazimika tena kupanda basi usiku kucha ili aje kuomba tarehe Nairobi. Hayo ni maendeleo, na wanaoyabeza hawajawahi kukaa siku nzima kwenye benchi la masjala wakisubiri faili ambayo karani anasema imepotea hadi akumbushwe kwa noti ya shilingi mia tano.

Lakini tuulize lile swali la kale la siasa: nani alifaidi? Wakili aliokoa nauli, mafuta ya gari na saa za foleni. Je, mteja alitozwa pungufu? Hakuweza kutozwa pungufu hata wakili akitaka, kwa sababu kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza wakili kutoza chini ya viwango vilivyowekwa. Sheria hiyo ina sababu zake. Inazuia mawakili kunyang'anyana wateja kwa bei za kutupa. Hata hivyo, katika mwaka ambao gharama za kuendesha kesi zilishuka na mapato ya wananchi yakashuka zaidi, nilitarajia chama kinachosikilizwa na Jaji Mkuu katika mambo hayo kipaze sauti kuomba nafuu ya muda kwa kesi za kufukuzwa nyumbani, za kuachishwa kazi na za matunzo ya watoto. Sauti ya namna hiyo haikunifikia. Zilizonifikia ni za mvutano. Mwaka huo na uliofuata, rais wa chama Nelson Havi na sehemu ya baraza lake walizozana hadharani mpaka mambo yao yenyewe yakaishia mahakamani. Naam, wao walipata mawakili bila shida.

Na asiye na wakili je? Mfumo mpya ulimtaka awe na barua pepe, simu yenye uwezo, bando la intaneti, na ujuzi wa kujua fomu ipi inakwenda wapi. Zamani alikuwa akifika kortini, akamwona karani, akamlilia karani. Sasa alikuwa akifika kwa kijana wa cyber, na kijana wa cyber ndiye akawa wakili wake, akimwandikia maombi kwa shilingi chache kwa kila ukurasa. Nawaheshimu vijana hao. Walifanya kazi ambayo Sheria ya LSK ya 2014 imewapa watu wengine.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanapaswa kuifungua sheria hiyo, kifungu cha 4. Wengi hudhani LSK ni chama cha wafanyakazi wenye majoho. Si hivyo. Kifungu hicho kinakipa chama jukumu la kuitetea Katiba na kuendeleza utawala wa sheria, na kinasema waziwazi kwamba ni wajibu wake kuwalinda na kuwasaidia wananchi katika mambo yahusuyo sheria. Hilo halikuandikwa kama ombi la hisani. Bunge limekipa chama hiki mamlaka ambayo chama cha mafundi seremala hakina: hakuna anayeweza kufanya kazi ya uwakili pasipo cheti cha kila mwaka, na ada ya uanachama inaandamana na cheti hicho. Ukiipewa kazi ambayo wengine wamezuiwa kuifanya, unabeba na deni la wale wasioweza kuilipia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda taasisi ya serikali kwa ajili ya maskini, lakini kuwepo kwa taasisi hiyo hakukufuta kifungu cha 4.

Nani hasa alihitaji kulindwa mwaka 2020? Tusiende mbali. Tarehe 4 Mei, katika mvua na katika janga, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, ilhali kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji huo. Watu walikuwa na karatasi ya jaji mkononi na tingatinga mbele yao. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Jaji Mkuu mwenyewe alikuwa ameonya kwamba kesi za dhuluma za kingono zilikuwa zimepanda na kufikia zaidi ya theluthi ya kesi za jinai zilizoripotiwa katika majuma yale mawili ya kwanza. Mwanamke aliyefungiwa ndani na mtu anayempiga hakuhitaji semina mtandaoni. Alihitaji mtu wa kumwombea amri ya ulinzi siku hiyo hiyo, pengine kwa ujumbe mfupi tu kwa sababu hangeweza kuzungumza kwa sauti.

Wanafunzi wangu hunijibu kwamba nadai yasiyowezekana, kwamba mawakili ni watu binafsi na huwezi kuwapanga zamu kama manesi. Kwa miaka kadhaa jibu langu lilikuwa la nadharia. Tangu Juni 2024 si la nadharia tena. Vijana walipomiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na mamia wakakamatwa, LSK chini ya rais wake Faith Odhiambo ilisambaza nambari za simu, mawakili wakajitolea bila malipo, wakaenda vituo vya polisi usiku, wakauliza majina, wakayaandika, wakasimama kwenye kaunta ya ripoti mpaka watu wakatolewa. Waliotekwa walitafutwa kwa majina. Mama wa Kitengela alijua ampigie nani. Askari aliyezoea kusema mkubwa hayupo alimkuta mtu anayejua kwamba mkubwa yupo.

Basi iliwezekana, na iliwezekana kwa siku chache tu za maandalizi. Simu zilikuwepo mwaka 2020. Mawakili walikuwepo, wengi wao wakiwa hawana kazi. Mtandao ulikuwepo, ndio uliobeba semina. Kibali cha mahakama cha kutembea usiku kilikuwepo, jambo ambalo wale wa 2024 hawakulihitaji. Kilichokosekana ni uamuzi wa baraza kwamba aliyekamatwa ni sehemu ya kazi yake kama alivyo mwanachama aliyelipa ada.

Na bado sijaridhika na 2024, pamoja na heshima yote ninayowapa waliokesha. Juhudi ile iliegemea ujasiri wa watu fulani, hasira ya nchi nzima na kamera zilizokuwa zikitazama. Aliyekamatwa kwa kuuza mahindi ya kuchoma bila leseni Jumanne ya kawaida hana kamera. Uchaguzi wa LSK huja na kupita, na rais mwingine anaweza kuona kwamba nafasi yake ni ya kujipigia debe kuelekea siasa, jambo ambalo si geni katika chama hicho. Sitaki haki ya mkamatwa itegemee nani ameshinda kura za mawakili.

Ninachodai kinaweza kuandikwa katika azimio la ukurasa mmoja kwenye mkutano mkuu ujao. Kila tawi, la Pwani, la Bonde la Ufa, la Nairobi na mengine, liwe na zamu ya mawakili ya usiku na ya mwisho wa juma, mwaka mzima, kuwe na janga au kusiwe. Zamu hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya alama za mafunzo endelevu, kwani hakuna semina hotelini inayomfunza wakili kijana sheria ya dhamana kama saa mbili mbele ya kaunta ya polisi. Nauli na muda wa maongezi vigharamiwe kutoka kwenye ada za kila mwaka, na chama kichapishe kila baada ya miezi mitatu idadi ya simu zilizopokelewa na zilizoitikiwa, kwa kila kaunti. Ikiwa Turkana ina wakili mmoja tu wa zamu, tujue. Ikiwa hakuna, tujue pia.

Nambari iwe moja, fupi, ya bure, na isibadilike akibadilika rais. Ibandikwe katika kila kituo cha polisi, ukutani, pale pale palipobandikwa tangazo lisemalo kwamba dhamana ya polisi ni bure.