Aliyepona anaporudi kumsaidia mgonjwa wa akili: nani amlipe?

Anayeruhusiwa kutoka hospitali ya magonjwa ya akili hurudi kijijini na vidonge na tarehe ya kliniki. Huku nyumbani ameshapewa jina: chizi. Ndugu wanamwogopa, muuguzi yuko mbali, na vidonge vikiisha nauli ya kufuata vingine haipo. Hapo ndipo wengine huanza safari ya kurudi wodini.

Hospitali ya Butabika, Kampala, ilijaribu kuziba pengo hilo zaidi ya miaka 10 iliyopita. Kwa kushirikiana na huduma za afya ya akili za East London, Uingereza, iliwafunza watu waliowahi kuugua wawatembelee nyumbani wagonjwa waliotoka karibuni. Mradi wa utafiti wa UPSIDES, ulioanza 2018, ulifanya kazi ya aina hiyo Kampala, Dar es Salaam, na pia India, Ujerumani na Israeli.

Wanaitwa wasaidizi rika, ingawa hapa rika si umri, ni kupitia ugonjwa uleule. Msaidizi rika hatoi dawa. Lakini akisema, "Hata mimi nilisikia sauti, na leo ninalima," anaaminika. Anajua kuwa dawa nyingine hunenepesha, nyingine hutetemesha mikono, na kwamba mgonjwa huziacha kimyakimya akiogopa kumwambia daktari. Yeye huambiwa.

Tanzania inaujua utaratibu huu. Kliniki za VVU zina WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi hivyo, ambao huwafuatilia walioacha dawa. Hakuna anayewashangaa. Kwa afya ya akili bado tunashangaa, nadhani kwa sababu tunaamini aliyewahi kurukwa na akili hakabidhiwi tena jambo zito.

Kikwazo kingine ni fedha. Mradi ukiisha, posho ya nauli hukatika, na msaidizi anaambiwa ajitolee. Naye ana watoto. Tena, kusikiliza mateso ya wengine kila siku kunaweza kuyaamsha ya kwake, kwa hiyo anahitaji muuguzi wa kumwendea na ruhusa ya kupumzika.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka 5, na wananchi wana sauti katika kuwachagua. Je, aliyetoka Mirembe akisimama kwenye mkutano wa kijiji kuomba nafasi hiyo, mtamsikiliza au mtacheka?