Kiazi cha Mwaka Ujao



Wapendwa katika Kristo, mwezi Februari tulijaliwa kurudi katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali ambapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua yake. Tangu Novemba hadi Aprili, majira ya mvua, uwanda huo ulio mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari huvikwa rangi za kila namna. Okidi peke yake ni zaidi ya aina 40.

Safari ya kwanza tulitembea sana tukaona machache. Safari hii tuliketi. Tulimtazama mdudu mdogo akizama ndani ya okidi kutafuta utamu wake. Alipotoka alikuwa amebeba chavua mwilini, akaruka kwenda ua jingine. Yeye alitafuta chakula chake tu, lakini katika kula kwake aliacha uhai nyuma yake.

Tulipokuwa njiani kurudi, nje ya mipaka ya hifadhi, tulikuta mashimo mengi madogo penye majani. Wengi wenu mnayafahamu: ni ya wachimbaji wa chikanda. Viazi vya okidi huchimbwa, hukaushwa na kuuzwa, vingi vikivushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga. Nasi tumewahi kukila chakula hicho, tukakisifu.

Okidi hizi kwa kawaida huwa na viazi viwili. Kimoja, kilichokwisha kusinyaa, kimelisha ua la mwaka huu. Cha pili, kigumu na kilichojaa, ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili. Hivyo, kila gunia linalopita barabarani ni maua ambayo hayataonekana tena.

Wapo watakaosema kwamba Mungu alitupa mimea yote iwe chakula. Ni kweli. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamruhusu mtu kuchukua makinda kiotani, ila amwache mama yao aende zake. Kula kumeruhusiwa, kukomesha uzazi hakukuruhusiwa.

Hata hivyo, hatuandiki ili kumhukumu mama anayechimba apate ada ya mtoto wake. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Kwa maoni yetu, dhambi iliyo nzito zaidi haiko kwa mwenye jembe, bali kwa mwenye lori anayenunua kwa bei ya kutupa, na kwetu sisi tunaokula bila kuuliza.

Basi, tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zijiulize wiki hii: ni nani kati yetu anayechimba kwa sababu ya njaa? Mbegu ya viazi mviringo au miche ya pareto tukimchangia leo, itamsaidia kuliko mahubiri yetu. Naye anunuaye chikanda aache.

Bwana alituagiza tuyatafakari maua ya kondeni. Tuwaachie watoto wetu ya kutafakari.

Mungu awabariki.