Usigonge Ukuta Wangu

Nyumba niliyomjengea mama ni ya tofali za saruji za inchi sita, bati jekundu, na dari la jipsamu lenye ua katikati ya sebule. Iko pembeni mwa Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida. Ilinila miaka minne na mkopo mmoja. Siku ya kuhamia, wageni walipita wakigonga kuta kwa vidole. Wakasikia zilivyo ngumu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika: "Hapa umejenga."

Ilipofika Novemba, mama akatoa godoro nje. Alilala chini ya mwembe, chandarua kikiwa kimefungwa kwenye matawi, mpaka mvua ya kwanza ilipomrudisha ndani. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole, kama mtu anayeogopa kumvunja moyo mtoto wake.

"Nyumba ni nzuri, mwanangu. Ila usiku inanipika."

Kwa akiba yangu yote nilikuwa nimemjengea mama yangu tanuri, na watu walinipongeza.

Ndiyo maana siwezi tena kukivumilia kidole kinachogonga ukuta. Tunapima nyumba kwa kipimo kibovu. Tunauliza kama ukuta ni mzito, hatuulizi kama binadamu anaweza kulala nyuma yake. Fundi anajua hivyo, mwenye duka la vifaa anajua hivyo, na kijana aliyepata kazi juzi anajua hivyo, kwa hiyo sote tunajenga kwa ajili ya mgeni atakayegonga, si kwa ajili ya mama atakayelala.

Joto la ndani tunalichukulia kama hali ya hewa, kitu cha Mungu. Si kweli. Bati lililopigwa na jua kali la mchana linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa, kisha dari jembamba, kisha kichwa cha mama. Ukuta nao una hila yake. Tofali la inchi sita hunywa jua la alasiri taratibu, na joto hilo huchukua saa kadhaa kuvuka kwenda ndani. Linawasili saa mbili au tatu usiku, wakati nje kumeshapoa na watu wanatandika vitanda. Hakuna hata hatua moja hapo iliyoamriwa na mbingu. Kila moja niliilipia na risiti ninayo.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe, nyumba ya Wagogo ya kuta za miti na udongo na paa bapa lililobebeshwa udongo vilevile. Mchana wa Oktoba ukiingia mle ulikuwa kama umeingia kwenye kivuli cha mwamba. Sitaki kuipamba. Tembe ilivuja, ilidai ukarabati kila masika, na kwenye nyufa zake walijificha papasi, ambao homa yao imeua watu katika mkoa wetu. Waliotuambia tuiache walikuwa na sababu. Lakini walipotuhamishia kwenye tofali na bati walituambia kwamba tembe lote ni ujinga, na sisi tukatupa kila kitu pamoja na kivuli. Ule udongo mzito wa paani ulikuwa ukifanya kazi ambayo bati haliwezi kuifanya, na hakuna aliyetuuzia kitu cha kuifanya badala yake.

Kitu hicho kipo, na si kigeni kama kinavyosikika. Mwaka 1935 maabara ya serikali ya Marekani inayochunguza mazao ya misitu, huko Madison, Wisconsin, ilijenga nyumba ya majaribio kwa paneli za mbao ambazo ngozi zake zenyewe hubeba mzigo. Mwaka 1952 msanifu Alden Dow alijenga nyumba huko Michigan kwa paneli zenye povu jepesi katikati. Kanuni yake unaijua tangu utotoni. Chukua katoni. Karatasi moja pekee hukunjika, lakini karatasi mbili zilizotenganishwa na kitu chepesi kilichogundishwa pande zote hazikunjiki kirahisi. Weka plaiwudi mahali pa karatasi, na mahali pa yale mawimbi weka stairofomu, yale mapovu meupe yanayokuja na televisheni mpya. Umepata ubao mnene, mgumu, unaozuia joto. Sentimita kumi za povu hilo huzuia joto kama karibu mita tatu za zege. Hakuna mtu mtaani kwetu atakayejenga ukuta wa zege wa mita tatu, hata kwa ajili ya wageni.

Mimi na mdogo wangu tuliamua kutengeneza za kwetu, chumba kimoja tu nyuma ya nyumba kubwa, kwa ajili ya mama.

Paneli ya kwanza tuliiua kwa gundi ya viatu. Ina kutengenezea kinachoyeyusha stairofomu. Tulisimama tukitazama povu likinywea kama sukari kwenye chai. Ya pili tulitumia gundi ya poliyurethani, ambayo hushika kwa kutumia unyevu, tukaibebesha mifuko 20 ya saruji. Tani nzima. Ilishika pale mifuko ilipokaa na kuachia pale palipokuwa na nafasi kati ya mfuko na mfuko. Ukuta wa namna hiyo hauonyeshi kasoro yake kwa macho.

Aliyetuokoa ni fundi friji wa jirani. Alikuja na kompresa ya friji bovu, akaunganisha bomba lake la kuvuta kwenye nailoni nene tuliyoifunga kuizunguka paneli yote, akasubiri. Hewa ilipotoka ndani, hewa ya nje ikabana kila mahali sawasawa. Ukiondoa theluthi moja tu ya hewa, kila mita ya mraba inabanwa kwa takriban tani tatu. Paneli yetu, yenye ukubwa wa ubao mmoja wa plaiwudi, ilibanwa kwa tani tisa bila mfuko hata mmoja. Fundi huyo hakumaliza sekondari. Alituelewesha mgandamizo wa hewa vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake.

Paneli iliyokauka tuliibeba watu wawili. Tofali za eneo hilohilo zingezidi nusu tani.

Kisha akaja mjomba. Akagonga. Ukuta ukaitika kwa sauti ya ngoma. "Mjomba," akaniambia huku akicheka, "umejenga boksi." Na kila aliyepita akacheka naye.

Kuna pingamizi za kweli, na sitazikimbia. La kwanza ni moto. Stairofomu hulainika kwenye nyuzi 100 hivi, na ikiungua hutoa moshi mzito mweusi. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell huko London liliungua na watu 72 wakafa. Kilichoupandisha moto huo haraka hivyo kilikuwa vibao vya nje vya alumini vyenye plastiki katikati. Waliokufa wengi walikuwa wapangaji wa kipato kidogo. Kwa hiyo povu halikai wazi ndani ya chumba cha mtu. Kwetu limefunikwa kwa plaiwudi na juu yake jipsamu, na jiko liko kwenye jengo jingine. La pili ni mchwa, ambao hawali povu ila hulichimba na kufanya nyumba yao. Paneli zetu zinakaa juu ya msingi wa zege uliovikwa bati lililokunjwa kwenda chini. La tatu ni mwizi. Kweli, plaiwudi hukatwa kwa msumeno. Lakini wezi waliomtembelea jirani yetu walikata nondo za dirisha, kuta zake za tofali zikiwatazama.

Pingamizi la nne ndilo kubwa: nani anajua kama ukuta huo utabeba paa? Hapa ninaachana na wale wa kwenye intaneti wanaoonyesha paneli ya gereji na kutangaza kwamba kila mtu anaweza. Paneli ya kiwandani hupimwa mpaka ivunjike, ili ijulikane inavunjika wapi. Yangu haijapimwa na mtu. Sikuthubutu kuweka paa juu ya gundi niliyoipaka mwenyewe, mama akiwa chini yake. Paa la chumba kile linabebwa na nguzo na boriti za mbao. Paneli zinajaza katikati, na nyingine zimelala paani chini ya bati. Atakayekuambia usimamishe nyumba kwa paneli zako bila kuzipima anacheza na watoto wako. Wala usidhani tuliokoa pesa. Gundi peke yake ilikuwa ghali kuliko vyote.

Lakini sikiliza jinsi pingamizi hizi zinavyotumika. Mtu anazitaja moto, mchwa na mwizi, kisha anarudi kwenye bati lake tupu kana kwamba lenyewe halina kosa. Mtoto mwenye vipele vya joto haingii kwenye hesabu. Mzee wa presha anayekesha ameketi kitandani haingii. Kila pingamizi nililolitaja ni kazi ya kufanywa: vyuo vya ufundi vifundishe kihami joto kama vinavyofundisha kuchanganya saruji, maabara za vyuo vikuu zivunje paneli za mafundi wetu na kuwaambia zilivunjika wapi, na anayeuza bati aulizwe na mteja, "Na cha kuweka chini yake?" Swali hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji tu aibu yetu ihame mahali ilipokaa.

Na wewe unayeanza kuchora ramani ya nyumba ya wazazi, anza na paa. Kabla ya ua la jipsamu, kabla ya vigae, kabla ya geti, weka kitu kinachozuia joto kati ya bati na watu. Si lazima kiwe paneli.

Novemba iliyopita mjomba alikuja tena, saa nane mchana, jua likiwa kali. Mama alimkaribisha kwenye chumba cha nyuma kwa sababu sebuleni hakukaliki. Alikaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akaanza kunieleza habari za kiwanja chake kipya na tofali alizokwisha kununua. Katikati ya maelezo akalala.

Aliamka saa kumi na moja, akaomba maji. Neno boksi hakulitaja.