Ubaridi wa Bosi, Jasho la Wananchi

Na Kibwana wa Bigwa

Jumatano nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa Morogoro kufuatilia karatasi za kiwanja cha marehemu shangazi. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana kosa lake limezagaa mji mzima, na nikiitaja hiyo moja nyingine zitajiona safi. Jengo ni jipya, ghorofa tatu, mbele vioo vya buluu kutoka chini hadi juu, vigae vinang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Nje palikuwa na joto letu la Januari tulilolizoea. Nilipopanda ghorofa ya pili na kuingia kwenye korido, nikakutana na joto la aina nyingine kabisa.

Korido hiyo ndipo wananchi wanaposubiri. Upande mmoja kuna mabenchi, upande wa pili milango ya ofisi. Kando ya kila mlango limefungwa boksi la nje la kiyoyozi, feni yake ikitazama mabenchi. Yako matano, na yote yalikuwa yakiunguruma. Dirisha la mwisho wa korido ni kioo kilichogandishwa ukutani, hakifunguki. Chini ya bomba la maji la kiyoyozi kimojawapo palikuwa na ndoo ya rangi ya lita 20, maji yamekaribia mdomoni. Mama mmoja alimteremsha mtoto kutoka mgongoni, akawa anampepea kwa kadi ya kliniki. Shingo ya mtoto yule ilikuwa imejaa vipele vya joto.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mhudumu amevaa sweta. Sweta, Morogoro, Januari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mashine hizi mmezifunga humu ndani? Zinawachoma watu."

"Mzee, walisema zikifungwa nje zitaharibu muonekano wa jengo."

Nilikaa kimya, maana kijana yule hana kosa. Lakini tangu Jumatano neno hilo halijanitoka. Yaani uso wa jengo umehifadhiwa, nyuso za watu zikatolewa sadaka. Mtu aliyesomeshwa kwa kodi zetu alikaa chini na kalamu, akaangalia ukuta wa nje, akaangalia benchi la wananchi, akachagua kuulinda ukuta.

Kiyoyozi hakiui joto, kinalihamisha. Kinalitoa chumbani, kinajumlisha na joto la umeme kinaoula chenyewe, kisha kinalitupa lote kupitia lile boksi. Kwa hiyo kila nyuzi bosi anayopunguziwa ndani, kuna mtu anaongezewa nje. Mtu huyo amekaa benchi tangu saa mbili asubuhi, ana fomu mkononi na mtoto mgongoni, na ndiye anayelipa bili ya umeme wa mashine inayompulizia.

Hata huyo bosi hapati faida kamili. Fundi wangu wa Kihonda aliniambia boksi likifungwa mahali palipozibwa huwa linavuta tena hewa ile ile ya moto liliyoitema. Linahema, umeme unakwenda mbio, na kompresa inakufa kabla ya wakati wake. Baada ya hapo inaandikwa barua ya kuomba fedha za matengenezo.

Jioni nilipita kwa bibi mmoja wa Kilakala. Katika nyumba yake dari iko juu, madirisha yanatazamana, chini ya paa kuna matundu ya hewa ambayo kila fundi anayekuja kupaka rangi hutaka kuyaziba na kila mara hufukuzwa. Nilimsimulia yote, vioo, korido na sweta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwani huko kwao hakuna mlima?"

Mlima upo, Bibi. Unaonekana kutoka Msamvu hadi Kihonda. Mji wetu uko kwenye mita kama 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kilicho juu ya vichwa vyetu kinapita mita 2,100. Usiku miteremko ya Uluguru ikipoa, hewa iliyo juu yake hupoa pia, ikawa nzito, ikashuka mabondeni hadi mjini. Kila aliyelala Bigwa au Kilakala dirisha likiwa wazi anaufahamu upepo huo. Wajerumani waliujua, wakapanda kuufuata na kujenga nyumba pale Morningside. Maji ya mlima huu yanaingia Mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Watu wa Dar wanavuta maji yake kwa mabomba, sisi tulio miguuni pake tumeshindwa hata kuufungulia dirisha upepo wake.

Kujenga kwa kuujali upepo hakuhitaji miujiza. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana linakuwa juu sana, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa na paa lililotokeza vizuri. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalokuja limeinama na kupenya mpaka kitandani, hivyo ubavu mrefu wa nyumba hautakiwi kutazama mashariki wala magharibi. Weka madirisha pande mbili zinazotazamana, hewa iingie huku na kutokea kule. Acha matundu juu, maana hewa ya moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Usiku fungua, kuta zipoe. Jengo la Jumatano limefanya kinyume cha hayo yote: kioo kizima kinatazama machweo.

Najua nitaambiwa habari ya mbu na wezi. Mbu wana wavu, wezi wana nondo. Wavu unapunguza upepo, ni kweli, basi dirisha liongezwe upana. Wapo pia watakaosema Kibwana anapinga maendeleo. Chumba cha upasuaji kinahitaji mashine, maabara inahitaji, chumba cha kompyuta kubwa kinahitaji. Lakini mashine nayo ina hesabu zake. Mtu mmoja aliyetulia kitini anatoa joto la wati kama 100. Waweke watu 60 ukumbini, hizo ni wati 6,000, sawa na BTU zaidi ya 20,000 kwa saa, kabla hujahesabu jua, bati na taa. Kisha anakuja mtu anafunga kiyoyozi kimoja cha 18,000, anachukua fedha zake, na ukumbi unabaki tanuri. Hakuna aliyehesabu watu.

Na kuna jambo zito kuliko jasho. Viyoyozi hivi vya ukutani tulivyovizoea haviingizi hewa mpya. Vinaizungusha na kuipoza ile ile iliyomo chumbani, pumzi za watu zikiwa humo humo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali nane za Lima, nchini Peru. Katika vyumba vya kizamani vyenye dari za juu na madirisha makubwa, madirisha yakiwa wazi, hewa ilibadilika kama mara 40 kwa saa. Katika vyumba vya kisasa vilivyotegemea madirisha, mara 17. Vile vilivyotegemea mashine, mara 12. Watafiti walikuwa wanatafuta njia ya kuzuia kifua kikuu kisiambukizwe hospitalini, na dirisha la kizamani likaishinda mitambo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba wodi inayotegemea upepo wa asili iwe na lita 60 za hewa kila sekunde kwa kila mgonjwa. Sasa irudie korido ile isiyo na dirisha, watu wamebanana, mmoja anakohoa.

Hatukuwa hivi. Beda Amuli, msanifu wetu, alipobuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyotia kivuli na kuacha hewa ipite. Alimfikiria mchuuzi na mteja wake. Wasanifu wa leo wanafikiria picha. Wameona minara ya vioo ya Dubai, wakaileta mpaka kwetu bila kuleta bajeti ya umeme wa Dubai, na wakubwa wanaosaini hawaulizi kwa sababu wao watakaa upande wenye sweta. Hiyo ndiyo sababu, na sitafuti nyingine.

Kwa hiyo naiomba halmashauri yetu, na nyingine zote nchini: kabla ya kutoa kibali cha ujenzi wa jengo la umma, msanifu aonyeshe kwenye ramani upepo unaingilia wapi na unatokea wapi, vioo vinatazama upande gani, na joto la viyoyozi linamwagwa wapi. Jibu la swali la tatu likiwa ni benchi la wananchi, ramani irudishwe. Na jengo ambalo limeshakosewa, mabingwa wake wahamishe mashine hizo nje mwezi huu huu, muonekano uharibike. Kama hawawezi, basi bosi azime kiyoyozi na afungue mlango, awahudumie watu katika joto analowapa.

Nawe msomaji unayejenga kibanda chako Mkundi au Kihonda kwa fedha za mkopo, kesho fundi akikukunjulia ramani, usianze na rangi ya bati. Muulize upepo wa mlima utaingilia wapi. Akikosa jibu, usimpe hata shilingi.