MASHINE NAYO IPIMWE KABLA YA KUTUHUKUMU

Ndugu wanachama wa Lodwar na Kakuma,

Garimoshi halijafika kwenu, lakini desturi moja ya reli ingewafaa sana. Treni haiondoki stesheni mpaka breki zipimwe, tangu injini hata behewa la mwisho. Maneno ya fundi aliyezitengeneza hayatoshi.

Siku hizi waajiri wanaleta mashine za hesabu na za alama za vidole. Karani akipungukiwa na fedha, mashine ndiyo shahidi. Twauliza: na mashine yenyewe, nani ameipima?

Huko Uingereza Posta ilianza kutumia programu iitwayo Horizon mwaka 1999. Ikaonyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Wafanya kazi wa vituo zaidi ya 900 walipatikana na hatia, wengine wakafungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kuwa programu ina kasoro, na mwaka 2024 Bunge likafuta hukumu kwa mamia. Waliokufa kabla ya hapo walizikwa na jina la wizi.

Hapa Kenya, katika uchaguzi wa Machi 2013, mashine za kutambua wapiga kura zilizimika vituo vingi, na programu ya matokeo ikazidisha kura zilizoharibika mara nane! Daftari la karatasi ndilo lililotuokoa.

Kakuma nako, tangu 2013, mkimbizi alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine ndipo apewe chakula. Kidole kilicholika kwa kuni na mawe kikikataliwa, je, njaa itangoja?

Basi tudai haya:

1. Programu ipimwe kipande kimoja kimoja, kisha yote pamoja.
2. Ipewe makosa kwa makusudi: jina lililoandikwa namna mbili, mtandao kukatika katikati ya malipo. Mpimaji asiwe yule aliyeitunga, na nia yake iwe kuivunja.
3. Ipimwe Lodwar penyewe, juani na vumbini, si mezani Nairobi tu.
4. Kwanza iende pamoja na daftari. Zikitofautiana, sababu itafutwe.
5. Kila ikibadilishwa, majaribio ya zamani yarudiwe yote.
6. Mtu asikatwe mshahara wala asishtakiwe kwa neno la mashine peke yake.

Watasema ni gharama. Lakini gharama hiyo wasipolipa wao, twailipa sisi kwa mishahara na kwa jela. Tena hata majaribio mema hayamalizi mambo. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alieleza mwaka 1970 kwamba majaribio huonyesha kasoro zilizopo, hayathibitishi kuwa hazipo. Kwa hiyo karatasi isitupwe.

Mashine hatuikatai. Ila mwajiri atakayewaletea mpya, mwambieni aonyeshe kwanza kitabu cha majaribio yake. Akikosa, msitie sahihi. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu wa Reli